Mtu Aliyefundisha Kutoa Pumzi

Clem Yelland alikuwa na mikono mifupi, jambo ambalo kwa kazi yake lilikuwa hasara. Alifidia kwa wepesi. Waliofundishwa naye walisema ngumi yake ilifika kabla hujajua kama kuna mtu. Kwa miaka kumi na moja aliajiriwa na jeshi la majini kukaa ndani ya maji na kuwapiga wenzake tumboni.

Kwetu hakuna aliyeiona kazi hiyo kuwa ya ajabu. Mji wetu unatazamana na Portsmouth, feri inavuka katikati, na kila nyumba ya tatu ina mtu wa nyambizi au mjane wa mtu wa nyambizi. Mnara wa tangi unaonekana hata ukiwa umesimama unaosha vyombo jikoni. Ndani yake mna maji ya mita thelathini kwenda chini, yaliyopashwa moto kama ya kumwogeshea mtoto, na mabaharia wa nyambizi huletwa pale kujifunza jambo moja tu: chombo chako kikizama na kukwama chini, unatokaje hadi juu ukiwa hai.

Ubavuni mwa tangi, mita tisa chini, na tena mita kumi na nane, na tena kwenye sakafu, kuna vijumba vidogo vyenye hewa. Mwanafunzi anaingia, maji yanaachiwa mpaka yanamfika kidevuni, anavuta pumzi ya mwisho, mlango unafunguliwa, anajiachia. Mwili unapanda wenyewe. Anachotakiwa kufanya ni kinyume cha kila alichozaliwa nacho. Anatakiwa kutoa hewa, mfululizo, njia nzima, kama anayepuliza chai ya moto. Hewa iliyovutwa chini imebanwa na uzito wa maji, na kadiri anavyopanda inatanuka. Pumzi moja ya mita tisa inakaribia kuwa pumzi mbili akifika juu, na kifua ni kile kile. Akiibana, mapafu yanachanika. Anaweza kufika juu akitabasamu, akapunga mkono, kisha akafa.

Mwili haukubali somo hilo. Mwili unajua kwamba ndani ya maji mdomo unafungwa. Ndiyo maana wakufunzi walijipanga majini njiani, na yeyote aliyepita bila mapovu mdomoni alipigwa ngumi ya tumbo, hewa ikatoka itake isitake.

"Hapa hakuna cheo," Clem aliwaambia wapya kila Jumatatu, amesimama ukingoni na kaptula yake iliyofifia. "Uwe kapteni, uwe mpishi, tumbo ni tumbo. Usipopuliza nakupiga. Ukinichukia, nichukie ukiwa juu."

"Na kama tayari nakuchukia, afande?"

"Basi puliza kwa hasira. Inasaidia."

Nyumbani aliishi na mkewe, Queenie, aliyefanya kazi kwenye duka la mikate, na nyuma ya nyumba alipanda vitunguu majani, vinene, ambavyo kwenye maonyesho ya mazao havikuwahi kushinda tuzo. Dawa ya maji ilikuwa imeuma rangi ya nywele zake zikawa kama majani makavu, na kanisani watu walimjua amefika kwa harufu kabla hawajageuka. Ufukweni hakwenda. Watu walipoteremka na viti vyao na mikate yao siku za joto, yeye alibaki na vitunguu vyake. Queenie alizoea kusema mume wake ana maji ya kutosha kazini.

Mwaka hamsini na saba ikaja kampuni ya filamu kutoka London. Walikuwa wakitengeneza hadithi ya wanaume walionaswa ndani ya nyambizi iliyozama, na jeshi la majini, ambalo hupenda kuonekana vizuri kama mtu mwingine yeyote, likawaruhusu kutumia tangi kwa Jumapili mbili. Walitaka picha moja: shujaa, baada ya saa zote za giza, anajiachia kutoka kwenye nyambizi na kupanda kuelekea kwenye mwanga.

Shujaa alikuwa Desmond Farrant. Queenie alikuwa na picha yake aliyoikata gazetini, ameibandika ndani ya mlango wa kabati. Alikuja na gari jeusi, akateremka, akamkuta Clem na mkufunzi mwenzake, Tosh Bidmead, wamesimama na taulo mabegani.

"Ni nani kati yenu atakayenipiga?" Farrant akauliza.

"Huyu hapa," Tosh akamwonyesha Clem. "Usidanganyike na ufupi, bwana. Amewaangusha maofisa wawili na padri mmoja."

"Padri?"

"Alikuwa anasali kimoyomoyo," Clem akasema. "Ningejua vipi? Mtu anayesali kwa sauti hutoa hewa."

Farrant akacheka, na Clem akampenda kwa hilo. Jumapili ile ya kwanza alimfundisha kama alivyomfundisha kila mtu. Alimshusha kwanza kwa kamba, kisha akampandisha kutoka kijumba cha mita tisa mara sita. Mara ya kwanza alimpiga. Mara tano zilizofuata mtu yule alipanda akipuliza vizuri, kidevu juu, mapovu yakimtangulia kama kundi la ndege.

"Unafaa," Clem akamwambia. "Ukichoka na uigizaji, njoo."

"Mshahara?"

"Unapewa na kinywaji cha ramu kila siku adhuhuri."

"Hapo umenishawishi."

Mwongozaji wa filamu, Aubrey Keswick, hakuwa amecheka. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sweta la thamani, na siku nzima alikaa akiangalia kupitia dirisha la chuma ambalo mpiga picha wake angelitumia. Jumapili ya pili, adhuhuri, kamanda wa shule alipokuwa amekwenda nyumbani kula nyama yake ya kuoka kama kila mwenye nyumba wa Uingereza, Keswick akamwita Farrant pembeni, na Clem akawasogelea kwa sababu hakuna kilichokuwa pembeni kwenye tangi lile.

"Mapovu yanakufunika uso," Keswick alikuwa akisema. "Napanda na wewe mita tisa na sioni kitu ila mapovu. Nataka uso. Watu wamekaa saa moja na nusu wakingoja uso huo. Funga mdomo. Vimbisha mashavu kidogo. Wabane pumzi pamoja nawe."

"Haiwezekani," Clem akasema.

Keswick akageuka. "Sikukuuliza, bwana."

"Najua. Ndiyo maana nasema bila kuulizwa. Akibana, atachanika mapafu."

"Kutoka mita thelathini, sawa. Nimesoma. Hii ni mita tisa tu. Ni kama kimo cha nyumba."

"Hizo tisa za mwisho ndizo mbaya zaidi," Clem akasema. "Huko chini kabisa hewa inatanuka polepole. Hapa juu ndipo inapokuja yote kwa pamoja. Hata mita tatu zinaweza kumuua mtu. Muulize daktari."

"Daktari yuko wapi?"

Daktari alikuwa na nyama yake ya kuoka.

Keswick akatazama saa. Taa zilikuwa zimekodiwa hadi saa kumi, na siku ya tatu hawakupewa. Akamgeukia Farrant na kumwekea mkono begani, kwa upole halisi, kwa maana hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu aliyekwisha kuiona picha kichwani mwake na asingeweza tena kuona kingine.

"Sekunde kumi, Desmond. Uliwahi kuruka na farasi juu ya ukuta kwa ajili yangu."

Farrant akamtazama Clem, akatazama maji. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na nne, na hapo palikuwa na wanawake wawili wa vipodozi, mafundi wa taa, na wavulana wa jeshi waliokuja kumwona. Mtu wa aina hiyo hapewi nafasi kubwa ya kuogopa.

"Nitabana nusu njia," akasema. "Kisha nitaachia. Unaridhika, bwana Yelland?"

"Sijaridhika."

"Lakini hutanizuia."

Hapo ndipo Clem angeweza kutembea hadi kwenye simu iliyokuwa ukutani, hatua kumi na mbili, akamwita kamanda mezani kwake. Baadaye alijilaumu kwa hatua hizo kuliko kwa kitu kingine chochote cha siku ile. Lakini alikuwa baharia wa kawaida aliyepanda cheo kwa kukaa muda mrefu, na tangu akiwa na miaka kumi na sita alikuwa amefundishwa kwamba watu wenye sweta la aina ile ndio wanaomwita kamanda, si yeye.

"Nitakuwa majini," akasema. "Nyuma ya kamera. Hamtaniona."

"Mradi nisikuone kweli," Keswick akasema.

Wakashusha sanduku la chuma lenye kioo mbele, mpiga picha akiwa ndani yake, hadi mita nne. Clem akashuka kwa pumzi yake mwenyewe, akashika kamba nyuma ya sanduku, akangoja. Maji ya tangi yakiwashwa taa zote huwa ya rangi ya chupa, na kila kitu ndani yake huonekana kimya na safi, kana kwamba hakuna baya linaloweza kutokea. Akasikia mlango wa kijumba ukigonga. Akamwona Farrant anatokea chini, shati limechanwa na mafundi kwa ustadi, damu ya rangi kwenye paji la uso.

Akapanda. Mdomo umefungwa. Mashavu yamevimba. Akapita mbele ya kamera, uso wake wote mweupe kwenye mwanga, mzuri kweli, na hakuna povu hata moja. Ile nusu njia ikafika. Ikapita. Farrant alikuwa amesahau, au alikuwa amenogewa, au mwili ulikuwa umeshika usukani kama unavyofanya.

Clem akaachia kamba, akajisukuma kwa miguu kutoka kwenye sanduku, akatokea mbele ya kioo na kaptula yake iliyofifia, na kumpiga Desmond Farrant ngumi ya tumbo kwa nguvu zake zote.

Juu, walisikia kikohozi kabla ya kuona kichwa. Tosh alimvuta ukingoni kwa ndoano, akamlaza ubavu. Farrant alikuwa akihema na kutukana kwa wakati mmoja, jambo ambalo Tosh alilifurahia kwa kuwa mtu anayetukana anapumua.

"Umenipiga! We mwendawazimu, umenipiga mbele ya kamera!"

"Ndiyo, bwana," Clem akasema, ameshika ukingo, bado majini.

"Picha imeharibika!" Keswick alikuwa amesimama juu yao. "Ilikuwa imekamilika! Uso, mwanga, kila kitu, halafu linaingia jitu na kaptula! Nitahakikisha hufundishi hata bata kuogelea!"

"Ndiyo, bwana."

Kisha Farrant akakohoa tena, akafuta mdomo kwa taulo nyeupe ya jeshi, na wote waliokuwepo wakaona kilichobaki kwenye taulo. Si kingi. Alama ya rangi ya waridi, kama kipande cha kitambaa kilichofuliwa vibaya. Haikuwa rangi ya mafundi.

Daktari alipofika alisikiliza kifua kwa muda mrefu. Akasema ni mchaniko mdogo, utapona kwa wiki tatu za kukaa kitako, na kwamba kama pumzi ile ingebanwa mita tatu zaidi asingekuwa na mtu wa kumsikiliza. Alisema hivyo kwa sauti ile ile ambayo mtu hutangazia saa ya feri.

Jioni, kabla ya kurudishwa London, Farrant akaomba kumwona Clem. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha chumba cha daktari, vipodozi bado vimebaki shingoni.

"Nilikuwa najisikia vizuri," akasema. "Hilo ndilo linalonitisha. Sikuwa na maumivu. Nilijihisi kama mfalme. Ulijuaje?"

"Wote hujisikia hivyo."

"Nauliza wewe. Tosh ameniambia uliwahi kutoka kwenye nyambizi iliyozama kweli."

Clem akakaa kwenye kiti cha chuma. Watu wengi walikuwa wamemuuliza, kwenye baa, kwenye harusi, na kila mara aliwapa sentensi tatu zile zile zilizoandikwa gazetini. Pengine ni ile taulo. Pengine ni kwa sababu mtu yule angeondoka na gari jeusi na asirudi tena mjini kwetu.

"Mwaka arobaini na tatu," akasema. "Meli ya mizigo ilitugonga tukiwa karibu na nyumbani. Tulikuwa kumi na wawili chumba cha injini. Kwenye sinema yenu watu wanazungumza sana, nimeona yale makaratasi. Sisi hatukuzungumza. Amri ni kulala chini na kunyamaza ili hewa itoshe. Kwa saa nne nzima tumelala kama samaki sokoni. Vifaa vya kupumulia vilikuwa vitano, tukawapa wasiojua kuogelea. Sisi wengine tungepanda hivi hivi."

"Na ulijua kutoa pumzi?"

"Hakuna aliyejua. Wakati ule tulifundishwa kutumia vifaa tu. Alikuwepo rafiki yangu, Percy Lugg, kifua kama pipa. Alikuwa anakaa chini ya maji dakika tatu kwa kushindania bia. Akaniambia, 'Clem, shika pumzi, usiiachie, tutakutana juu.' Akafunga mdomo, akaenda. Mimi nikafuata." Akatazama mikono yake. "Sikushika chochote. Nilianza kupiga kelele palepale mlangoni. Nilimwita mama yangu. Mita thelathini nzima, bwana, nalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Nikatokea juu bado napiga kelele. Lugg alikuwa ameshafika. Akaniambia, 'Umechelewa, we mvivu,' akacheka. Halafu akageuka kifudifudi."

"Gazeti likaandika kwamba nilikuwa mtulivu. Miaka mitatu nilijua moyoni kwamba shujaa alikufa na mwoga akapona. Kisha daktari mmoja wa jeshi akatuchorea mapafu ubaoni, akaeleza. Nikatoka nje nikatapika. Wiki ile ile nikaomba kazi hii."

"Mkeo anajua?"

"Kuhusu Lugg anajua. Kuhusu mama yangu, hapana."

Kamanda alilazimika kumwadhibu, kwa kuwa alikuwa amempiga mgeni wa jeshi na kuna kitabu kinachosema hivyo. Alimnyima ramu kwa siku kumi na nne. Kila adhuhuri Tosh alimpa funda moja kutoka kwenye kikombe chake, kama desturi inavyotaka, na waliobaki nao wakampa, kila mmoja funda, hata siku ya nne ikabidi Queenie aje kumchukua getini.

"Adhabu gani hii inayomrudisha mtu amelewa kuliko siku zote?" akamuuliza Tosh.

"Kali sana, shemeji. Tunaumia naye."

Baada ya wiki tano jeshi likawapa Jumapili nyingine. Safari hii kamanda alikaa ukingoni tangu asubuhi, na daktari pembeni yake, na nyama za kuoka zikaliwa baridi. Keswick alikuja akiwa mpole, lakini alikuwa bado na tatizo lake.

"Mapovu," akasema. "Siwezi kuyakwepa?"

"Huwezi," kamanda akasema.

"Nina wazo," Farrant akasema. "Nitapanda nikipiga kelele."

Keswick akamtazama kana kwamba ametukana kanisani. "Shujaa? Amekaa na watu wake kwa saa kumi na mbili nzima bila kutetereka, halafu anatoka akipiga kelele?"

"Mdomo ukiwa wazi namna ile, mapovu yanapita juu, uso unabaki. Nimejaribu kwenye beseni nyumbani."

"Desmond, shujaa hapigi kelele."

"Basi tafuta mwingine anayejua kupasuka kimya."

Clem alikuwa ameshika taulo. Hakumtazama Farrant, na Farrant hakumtazama yeye. Kamanda akauliza kama mkufunzi ana pingamizi lolote la kiusalama.

"Hapana, afande," Clem akasema. "Kupiga kelele ni salama kabisa."

Akashuka mahali pake, nyuma ya sanduku, akashika kamba. Mlango ukagonga. Akamwona mtu yule akitokea chini na shati lake lililochanwa. Maji hubeba sauti vizuri kuliko hewa, ila huiondolea umbo. Aliisikia kabla hajaona mdomo, sauti nene isiyo na upande, ikitoka kila mahali kwenye chuma cha tangi. Haikuwa sauti ya mwigizaji. Alikuwa amejitayarisha, ngumi imekunjwa, na mtu akapita mbele yake kwa umbali wa mkono, mdomo umefunguka wote, macho yamefunguka, akilia kwa neno moja analolirudia, na mapovu yakitoka mfululizo, mengi, sawasawa kama anavyotakiwa mwanafunzi bora. Clem hakuwa na sababu ya kumpiga. Alibaki ameshika kamba mpaka miguu ile ikapotea kwenye mwanga wa juu, na Tosh baadaye alimuuliza kwa nini alichelewa kupanda.

"Nilikuwa nahakikisha," akasema.

Farrant alimpa mkono kabla ya kuingia garini. Hawakuonana tena.

Filamu ilifika kwetu majira ya kuchipua yaliyofuata. Mji mzima ulikwenda, wajane pia, na watu wa nyambizi walikaa viti vya nyuma wakikosoa kila kitu: kwamba mabomba yanang'aa mno, kwamba hakuna nyambizi yenye mpishi mwenye kofia safi, kwamba hao watu wanamaliza hewa yote kwa hotuba. Clem alikaa kando ya Queenie katikati ya ukumbi, na koti lake la Jumapili.

Ile picha ilipofika, wa nyuma wakaacha kelele. Farrant akatoka kwenye giza na kuanza kupanda, uso mkubwa kuliko nyumba, mdomo wazi, mapovu yakimwagika kutoka kwake. Sauti yake haikuwepo. Kampuni ilikuwa imeiondoa na kuweka violini, violini vingi, vikipanda pamoja naye kuelekea kwenye mwanga. Mtu mmoja nyuma akasema, si kwa kunong'ona, "Haya, angalau huyo anapuliza," na wengine wakakubali.

Queenie aliinama upande wa mumewe. Alikuwa akilia kidogo, kama wengi pale.

"Mbona anasogeza midomo?" akauliza. "Anasema nini?"

Clem alitazama mpaka uso ule ukavunja maji na picha ikabadilika.

"Hasemi kitu," akamwambia. "Anatoa pumzi."